Kwa yule mchezaji wa gofu aliyelalamikia matundu kwenye grini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji wenu wa wiki mbili zilizopita, yule wa mambo ya gofu. Ila nianze na kuomba radhi, barua yake sikuisoma yote. Sisi wakata nyasi magazeti ya zamani tunayapenda sana, maana ukishanoa visu vya mashine ya grini, yaani pale penye nyasi fupi kuzunguka shimo la mpira, lazima upime kama vinakata, na kipimo ni karatasi, unaichana vipande vyembamba, unakiingiza kimoja kati ya kisu kinachozunguka na kile cha chini, unazungusha kwa mkono pole pole, kikikatika safi kama kwa mkasi basi kesho nyasi zitakatika, kikitafunwa tafunwa kama na mbuzi basi rudi kunoa. Sasa usiku mmoja niko karakana nazungusha, naona kwenye kipande nilichoshika kumeandikwa grini. Kusoma vizuri, kumbe tunasemwa sisi! Nikaokota vipande vingine sakafuni nikaviunga unga, ila vya mwisho sikuvipata.

Nilivyoelewa mimi ndugu yetu ana mambo mawili. Moja, alileta wageni wake wa biashara akakuta grini zimetobolewa na kumwagiwa mchanga, mpira unaruka ruka kama chura, akaona aibu. Mbili, vijana wa mashine walikuwa mbele yake na hawakuwa na haraka ya kutoka. Halafu akauliza hawa watu wanalipwa kwa kazi gani hasa. Hapo kwenye kulipwa nitafika, maana hata mimi nina la kusema.

Matundu kwanza. Grini sio zulia ndugu yangu. Wachezaji na makedi wao, wale wabeba mifuko, wanakanyaga pale pale kuzunguka shimo kila siku, mashine nayo inapita juu yake kila asubuhi, udongo unashikana mpaka unakuwa kama sakafu ya saruji. Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda, yanakaa juu, mizizi inakosa hewa, baada ya siku chache unaona rangi ya manjano, halafu ukungu, halafu grini imekufa na wa kuulizwa ni sisi. Ndio maana tunatoboa. Tunatoa vijiti vya udongo saizi ya kidole, tunavizoa, tunamwaga mchanga, tunausugua na ufagio mpaka uingie kwenye matundu yote. Klabu yenye mashine ya kutoboa inamaliza haraka. Mimi nimeshafanya mahali mashine ilikuwa imekufa tukatoboa na uma za shamba, watu sita, grini tisa, kanyaga, tikisa, chomoa, rudi nyuma hatua moja, kanyaga tena, jioni nyayo zinawaka moto ndani ya gambuti. Wiki mbili au tatu nyasi zimeshafunga huoni kitu. Tarehe ilibandikwa ubaoni pale klabu mwezi mzima kabla, ila ubao nani anasoma.

Shida kubwa ni televisheni. Kila mwaka mwezi wa nne wanachama wanaangalia mashindano ya Masters ya kule Augusta, Marekani, ikiisha wanamjia grinikipa, mkuu wetu sisi watunza nyasi, mbona zetu sio kama zile? Wazee wangu, ule uwanja wanaufunga, miezi yote ya joto mpaka mwezi wa kumi hakuna anayecheza pale, na chini ya grini zao wamelaza mabomba na mitambo ya kunyonya maji udongoni. Sisi mwezi huo huo wa nne ndio mvua zenyewe zimekolea, unakata asubuhi, jioni unaona kama hukukata. Na chini ya grini zetu kuna mchwa.

Kuhusu kazi yetu kwa siku, nieleze kidogo, maana kuna watu wanafikiri tunafika kusukuma mashine tunaondoka. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko kiwanjani, tochi ya simu mdomoni. Kwanza unafagia umande na fimbo ndefu, maana umande ukilala juu ya majani unaleta ukungu. Unaangalia wale ndege wa midomo mirefu, wale wanaopiga kelele asubuhi, wametoboa wapi kutafuta funza, unaziba. Kule Entebbe wenzetu wana tumbili. Jinja wana viboko wanaotoka majini usiku kuja kula nyasi, na kanuni yao ya mpira kuingia kwenye nyayo za kiboko inajulikana mbali, unaruhusiwa kuutoa, wageni wanacheka sana wakiisikia. Nani anajaza ile nyayo sasa? Nyayo ya kiboko sio ya kuku, ni toroli na koleo.

Halafu shimo. Hii kazi ninaipenda kuliko zote, nimeifanya miaka 19 na bado naipenda. Shimo la gofu ni milimita 108 upana, iwe Tororo iwe Scotland, na halikai mahali pamoja, linahamishwa ili grini ipumzike. Una kifaa kama bomba lenye mikono miwili, unakisimamisha wima, unakanyaga, unazungusha, unavuta, kinatoka kipande cha udongo na nyasi zake juu kama keki. Hicho ndio unaenda kuzibia shimo la jana. Na hapo ndipo fundi anajulikana, maana kikikaa juu kidogo tu mashine itakinyoa mpaka kwenye udongo, kesho una duara la upara katikati ya grini, kikikaa chini mpira ukipita unayumba na mchezaji anakutukana hata hajui jina lako. Unapiga magoti, unafumba macho unapitisha kiganja, kiganja hakidanganyi, unachota udongo kidogo unarudisha, unabana pembeni kwa vidole, unamwagia maji na chupa ya soda. Mzee aliyenifundisha alikuwa anaita kazi hii kuhamisha kaburi. Ukisimama hapo jua ndio linatoka na magoti yote mawili yamelowa.

Sasa hao vijana ambao hawakuharakisha. Aliye juu ya mashine ameziba masikio, na hata asingeziba ile mashine inanguruma hasikii mtu akipiga kelele foo, ile ya kuonya mpira unakuja! Anafuata mstari wake, akiukatisha katikati unabaki alama, na alama hiyo hiyo utailalamikia kesho. Subiri ageuke akuone akuinulie mkono. Mwenzetu mmoja alipigwa na mpira kwenye taya akiwa anaparua bunka, lile shimo la mchanga, mgongo ameupa tii, pale wanapoanzia kupiga, jino moja likatoka pale pale na damu kwenye mchanga, na mchezaji aliyefika wa kwanza akauliza mpira umeangukia wapi. Sio mtu mbaya yule, baadae alitoa pesa ya hospitali, ila swali lake la kwanza lilikuwa hilo. Na radi je? Mngurumo ukisikika wachezaji wote wanakimbilia klabu, sisi tunaambiwa malizieni hiyo feawei moja, ile njia ndefu ya nyasi ya kwenda kwenye grini. Hii nchi yetu ya Uganda radi tunaijua, 2011 kule Kiryandongo iliua watoto wakiwa shuleni. Mimi sasa nikiona wingu limekuwa jeusi nashusha vijana wangu kwenye trekta, atakayeuliza aniulize mimi.

Niseme pia juu ya grinikipa, maana wengi wanamwona bosi amekaa kwenye pikapu na kofia. Huyo mtu halali. Mvua ikinyesha saa nane usiku anaamka kusikiliza paa, ikikosa kunyesha siku kumi anaamka vilevile kuwaza pampu. Spea ya mashine inatoka nje ya nchi, inakaa bandarini na forodhani, na wewe huku mashindano ni Alhamisi. Kamati inabadilika, kapteni mpya anakuja na akili mpya, huyu anasema mti huu ukatwe unazuia jua kwenye grini, anayemfuata anauliza nani alikata mti. Viwavijeshi wakiingia ni usiku mmoja tu, unalala na kijani unaamka na kahawia, na dawa ya kupuliza haijaidhinishwa kununuliwa kwa sababu mweka hazina amesafiri. Grini zikiwa nzuri wanasifiwa wadhamini na hali ya hewa. Kule St Andrews, Scotland, mtunza nyasi wao wa zamani Old Tom Morris alishinda mashindano makubwa ya Open mara nne, 1861, 1862, 1864 na 1867, na shimo la mwisho la ule uwanja lina jina lake mpaka leo. Yaani huu mchezo mtunza nyasi ndio alikuwa bingwa! Kwetu mtunza nyasi akitaka kujaribu hata kupiga mpira mmoja anangoja giza liingie.

Basi tufike kwenye kulipwa.

Kuna klabu nilifanya zamani, sitaitaja. Tulikuwa na mashine ya kukaa juu, ile ya visu vitatu, na mpira wake mmoja wa hidroliki, yaani bomba la kupitishia oili, ulikuwa umechoka, umepasuka pasuka nje unaona nyuzi za ndani. Kila mashine pale ina kitabu chake, saa ilizofanya kazi, oili imebadilishwa lini, chujio lini, na mimi kwa mkono wangu niliandika kwenye kitabu mpira huu ubadilishwe, nikaandika mara ya pili. Wiki ya mashindano, Jumatano asubuhi, kijana yuko grini ya shimo la nne, mpira ukapasuka. Oili ya hidroliki inatoka ya moto ndugu zangu, na kijana yeye anaangalia mbele anaendesha, alipokuja kunusa na kugeuka nyuma alikuwa ameshachora mstari kuvuka grini nzima. Tulimwaga maji, tulimwaga sabuni ya kufulia ndoo kwa ndoo, lakini majani yakishaungua yameungua, kesho yake ule mstari ukawa kahawia, wiki nzima ukawa kama barabara ya siafu. Tulikuja kukata majani ya pembeni na kupandikiza vipande vipande.

Wakakaa kikao. Wakamkata yule kijana shilingi 80,000 kwa uzembe. Nikapeleka kitabu cha mashine, nikafungua ukurasa, nikaonyesha. Manija akasoma, akafunga, akasema sawa tumeona, na pesa ikakatwa vilevile. Nilipouliza huyu kijana mkataba wake unasemaje, ndio nikajua hana. Alikuwa na mwaka wa tano pale. Mashine ina kitabu chenye jina lake na namba yake na tarehe iliyozaliwa kiwandani, na binadamu anayeiendesha miaka mitano hana hata karatasi moja, ni kibarua, anaandikwa kwa penseli kwenye daftari la supavaiza, siku akiumwa malaria anafutwa.

Na hii sio kwamba sheria hakuna. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua asizidi miezi minne, baada ya hapo apewe mkataba wa kuandikwa. Miezi minne! NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, mwajiri anatoa asilimia 10 na mfanyakazi 5, na tangu sheria ilivyorekebishwa 2022 hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja yumo. Kima cha chini cha mshahara ndio kichekesho, kile kilichoko kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, leo ni rolex, zile chapati za mayai, mbili tatu za barabarani. Bunge lilipitisha mswada mpya 2019, rais akakataa kuuweka sahihi. Kwa hiyo hapo kwenye kima tuko mikononi mwa moyo wa mtu, ila kwenye mkataba na NSSF hatuombi huruma, ni kanuni. Zipo klabu zinafuata, mimi mwenyewe sasa hivi nina mkataba na nimeuweka kwenye sanduku chini ya kitanda. Lakini nikiangalia vijana ninaoanza nao asubuhi, wapo ambao wamehama klabu mbili, tatu, na kote huko ni penseli. Halafu wanachama wanashangaa mbona kila baada ya muda grini zinaharibika. Kijana aliyejifunza kiganja, anayejua kwa sauti tu kwamba kisu kimegusa jiwe, ameondoka kwenda kuendesha boda kwa sababu boda inampa pesa jioni ile ile, na wewe umechukua mwingine umeanza naye upya kwenye duara la upara.

Kwa hiyo nikujibu ndugu yangu, tunalipwa kwa kazi gani. Kazi ndio hiyo nimeeleza. Kulipwa, uliza pale klabu kwako. Wewe ni mwanachama, una haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu ni wangapi wana mkataba na ni wangapi wako kwenye daftari, mimi nikiuliza nafukuzwa, wewe watakujibu na chai utapewa.

Yule kijana wa oili hakurudishiwa ile elfu themanini mpaka leo. Nilikutana naye mwaka jana, anauza chapati, anaendelea vizuri, akaniuliza kama ule mstari uliota.

Grini zenyewe ulizolalamikia kufikia Jumamosi ijayo zitakuwa zimefunga, tumeshazipitia na roli ya kusawazisha mara mbili, lete wageni wako. Na kile kipande cha mwisho cha barua yako nadhani kiliingia kwenye visu au kilifagiliwa, kwa hiyo kama huko chini ulikuwa umeandika neno zuri juu yetu, ujue nimelikata vipande, unisamehe.

Mkata nyasi, Uganda ya kati
(Jina langu naomba msichapishe)