Limefungwa na nani?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma siku nyingi tu na sijawahi kuandika, ila ile habari yenu ya wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki imenikera. Mmeandika kana kwamba suala la wale wazee lilishafungwa, serikali imelipa, basi. Limefungwa na nani?

Ile hela ya mafao ni yao jamani. Watu wa reli, bandari, posta, ndege, walikatwa kwenye mishahara, Jumuiya ikavunjika 1977 wakubwa wakagombana, ikabidi kusubiri mpaka 1984 ndio wanakubaliana Arusha nani achukue nini, Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa watu wake. Wakubwa wakajua hesabu za mabehewa na majengo mpaka asilimia, wazee wetu wakabaki na karatasi. Mpaka wakaenda mahakamani, ndio 2005 serikali ikasaini kuwalipa, na hata baada ya hapo wazee walilala barabarani Dar wakidai mapunjo. Aliyekuwa na miaka 35 Jumuiya inavunjika, 2005 ana 63. Hesabuni wenyewe wangapi walifika.

Baba yangu hakufika. Alikuwa fundi wa reli Tabora, mama ndio akafuatilia kama msimamizi wa mirathi, kabeba bahasha yake ya kaki ina kadi ya kazi ya baba, cheti cha ndoa, cheti cha kifo, kila kitu. Kijana wa dirishani akapekua akasema mama hapa kuna shida, kwenye kadi ya kazi ni Ramadhan, kwenye cheti cha kifo ni Ramadhani, hawa ni watu wawili. Mama akamuuliza, sasa mwanangu, mimi niliolewa na yupi? Wenzake wakacheka, yeye hakucheka, akamrudisha akatafute kiapo cha jina. Tukamlipa wakili, kiapo kikapatikana, kurudi tunaambiwa faili halionekani, njooni wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo ikaja na nyingine na nyingine mpaka mama akachoka akasema hela ya marehemu mwacheni nayo.

Na msidhani ni ya zamani hayo. Mimi ni mwalimu, nimebakiza kidogo nistaafu, nikisikia neno kikokotoo, ile hesabu ya kupangia mafao ya mstaafu, tumbo linavuruga. 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa tukaambiwa mkupuo, yaani hela unayopewa kwa mara moja ukistaafu, ni asilimia 25, watu wakapiga kelele ikasitishwa, 2022 ikaja 33, 2024 wakatupandishia 40 sisi ambao zamani tulikuwa tunapata nusu, na tunatakiwa tushukuru. Sasa nianze msingi wa nyumba au nisubiri ipande tena?

Dawa ninayo. Wakubwa wa hizo ofisi za malipo nao wachukue mishahara dirishani, kila tarehe 25, foleni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, mkononi barua ya mtendaji wa kata, picha mbili za paspoti zenye nyuma ya bluu na kiapo cha jina. Herufi moja ikipishana, wiki ijayo. Na benchi liwe lile lile alilokalia mama, lenye mguu mmoja mfupi.

Mtoto wa reli,
Tabora