Barua ya wazi kwa Waziri wa Hazina kutoka bekari ya watu sita

Mheshimiwa Waziri wa Hazina ya Kitaifa,

Baada ya salamu, mimi ni mwanamke wa Majengo, Mombasa, na bekari yangu ina watu sita. Wawili wanakanda, mmoja anachoma, wawili wanapeleka mikate kwenye vibanda, mmoja anauza hapa mlangoni. Kila mmoja namlipa shilingi 20,000 kwa mwezi. Nakutajia mapema kwa sababu hesabu yangu yote inatoka kwenye hiyo 20,000, na waweza kuipiga mwenyewe.

Januari 2023 mfanyakazi wangu alikatwa 200 za NSSF, yaani akiba ya uzeeni, na 750 za NHIF, bima ya afya ya wakati ule, akaenda nyumbani na 19,050. Mimi nikaongeza 200 zangu za NSSF, basi. Leo anakatwa 1,200 za NSSF, 550 za SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, na 300 za mfuko wa serikali wa nyumba za bei nafuu, anabaki na 17,950. Nami juu ya mshahara wake natoa 1,500. Kwa watu sita, gharama yangu imepanda shilingi 7,800 kila mwezi, na tanuri ni lile lile.

Lakini haki ni haki. SHIF imewapunguzia watu wangu, maana 2.75% ya mshahara wao haifiki ile 750 ya zamani. Na akiba ya uzeeni siipingi. Mzee atakayelipwa kwa 200 za kila mwezi atakula nini? Kwa hiyo usinihesabu na wale wanaolia wakisikia tu neno kodi. Kinachonisumbua ni namna sheria zenu zinavyotufikia.

Chukua hii ya nyumba. Sheria ya Fedha ya 2023 ilisema makato yaanze Julai 1. Juni 30 mahakama ikaisimamisha. Nikalipa mishahara ya Julai bila makato, nikijua nimetii mahakama. Julai 28 Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio, na Agosti tukatangaziwa kwamba hesabu inaanza Julai 1. Pesa za Julai watu walishazila. Mchomaji wangu nikamweleza kwamba nitamkata ya mwezi uliopita na ya mwezi huu. Akapangusa unga mikononi taratibu, akaniuliza, "Mama, nyumba mimi ninayo, Rabai. Hiyo nyingine atakaa nani?" Sikuwa na jibu. Ya Julai nikailipa mwenyewe, sehemu yao na yangu, 3,600.

Novemba 28 mwaka huo Mahakama Kuu ikasema makato hayo ni kinyume cha katiba, lakini yakaachwa yaendelee kwa muda. Januari 26, 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuuongeza muda huo, tukaacha kukata. Machi 19 sheria mpya ikatiwa saini, tukarudi kukata. Mimi nauza mikate, Mheshimiwa, sikusomea uwakili, lakini mwaka ule nilisikiliza taarifa za mahakama kuliko bei ya unga.

NSSF nayo hivyo hivyo. Sheria ilitiwa saini Desemba 2013, ikazunguka kortini, viwango vyake vikaanza kukatwa Februari 2023. Miaka tisa! Halafu Februari 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha kesi kwa Mahakama ya Rufaa isikilizwe upya, huku makato yakiendelea. Sheria ya SHIF ilibatilishwa na Mahakama Kuu Julai 2024, lakini makato yakaanza Oktoba. Mtu akiniuliza kama anachokatwa ni halali, humwambia, "Kwa leo, ndiyo."

Na mkate wenyewe hukuuacha. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate wa kawaida utozwe VAT ya 16%. Nilishakaa na wenye vibanda tukakubaliana bei mpya, nao wakaanza kuwatayarisha wateja. Juni 18 pendekezo likaondolewa, na baada ya maandamano ya Juni 25 mswada mzima ukaangushwa. Nashukuru. Ila kwa wiki kadhaa nilikuwa mwanamke aliyepandisha bei ya mkate, na wapo ambao hawajanisamehe.

Sasa nazi. Nazi za mkate wa kumimina nanunua Kongowea kwa mama mmoja ambaye tumejuana tangu watoto wetu hawajaenda shule. Tangu Januari 2024, nisipokuwa na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, gharama ile haikubaliwi kwenye kodi yangu. Mwishoni mwa mwaka huo sheria ikalegezwa: muuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 5, mnunuzi ndiye amtolee ankara. Kwenye karatasi ni jambo jema. Nilipomwomba PIN yake ya kodi, alinitazama kama niliyemwomba kitambulisho cha mumewe. "Wewe nawe umekuwa wa serikali?" Nikalipa nazi, nikaondoka bila ankara, na ndivyo ninavyofanya mpaka leo.

Najua utaniambia NSSF iko kwa Waziri wa Leba, SHIF iko kwa wa Afya, na nyumba ina wenyewe. Hapo ndipo shida ilipo. Kwangu mimi zote ni mshahara mmoja, mfuko mmoja, na kijana mmoja wa hesabu anayekuja na kompyuta yake mara moja kwa mwezi. SHIF inadaiwa ifikapo tarehe 9. Ya nyumba inahesabu siku tisa za kazi. Kila mfuko una mlango wake na neno siri lake. Mwezi mmoja mfumo mmojawapo ulikwama siku ya mwisho. Tukashinda saiba mpaka magharibi, mikate ya jioni ikapelekwa na binti yangu. Na ya nyumba ukichelewa, faini ni 3% ya deni kwa kila mwezi.

Naomba mawili, na yote yako ndani ya uwezo wako ukikaa na wenzako. Kato jipya lolote lisianze kabla ya miezi mitatu kamili tangu sheria itiwe saini, na lisirudi nyuma hata siku moja. La pili, tuwe na fomu moja, siku moja na malipo ya mara moja kwa mshahara wote, kisha nyinyi mgawane huko ndani. Kompyuta mnazo.

Ukiwa Mombasa, karibu. Tunafungua saa kumi na moja alfajiri na mkate wa kwanza hutoka kabla ya saa kumi na mbili. Ila usije tarehe 9, hutanikuta.

Mwenye bekari,
Majengo, Mombasa