Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kumuenzi Ray Hanna kwa kupita chini

Wanangu marubani,

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha turubai nyuma ya uzio siku ile mlipomkumbuka Ray Hanna, rubani mashuhuri wa maonyesho ya ndege. Spika zilitaja jina lake, umati ukanyamaza kwa heshima, nami nikavua kofia. Hapo hapo mwenzenu mmoja, kijana mwenye kipaji ambacho nimekiona kwa macho yangu, akawaambia wenzake kwamba msimu huu atairusha ndege karibu na ardhi kuliko mtu yeyote, kwa ajili ya mzee Ray. Mkamshangilia. Hakuna hata mmoja aliyemwambia acha. Nilirudi nyumbani na uchungu, sikulala, na asubuhi nikachukua kalamu.

Najua mnampenda. Mimi pia nilimpenda, kama fundi anavyompenda rubani anayeirudisha injini ikiwa haijateswa. Ndiyo maana inaniuma kuona mmemchukua mtu mwenye miaka zaidi ya hamsini ya kuruka, mkambakisha kuwa kipande cha video cha sekunde kumi cha ndege yake ikipita chini.

Alizaliwa Takapuna, New Zealand, mwaka 1928, akaja Uingereza 1949 kujiunga na jeshi la anga. Red Arrows, kikosi cha maonyesho cha jeshi hilo, ilipoundwa 1965 alikuwamo, na kuanzia 1966 hadi 1969 aliiongoza. Walirusha Gnat, ndege ndogo nyepesi, saba mwanzoni na baadaye tisa zilizopangwa kwa umbo la almasi. Hebu fikirini kazi ya kiongozi wa ndege tisa. Akishtua usukani kidogo tu, wanane walio nyuma yake wanaushtua pia, na wa mwisho mkiani anaipata hitilafu ile ikiwa imeshakua. Hawezi kukata kona ghafla wala kubadili mawazo katikati ya kona. Kila anachokifanya lazima kitabirike. Miaka minne ya kazi hiyo ndiyo iliyoupika mkono ule mnaousifu. Alipokuja kuonekana peke yake ndani ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya zamani, bado alikuwa akiruka kama mtu mwenye wanane nyuma yake.

Mwaka 1981 yeye na mwanawe Mark walianzisha Old Flying Machine Company, kampuni ya kurusha ndege za zamani, makao yakiwa uwanja wa ndege wa Duxford, Uingereza. Spitfire yake mnaijua kwa namba, MH434, iliyoundwa kiwanda cha Castle Bromwich mwaka 1943 na kuingia vitani mwaka huo huo. Itazameni tena ile video, safari hii kwa utulivu, mkiwa mmezima sauti ya watu wanaopiga kelele. Tazameni pua ya ndege. Haichezi. Anaingia kutoka mbali kwa mwinamo mrefu, kasi ameshaikusanya kabla hajafika mbele ya watu, na anapokupiteni anakuonyesheni mgongo wa ndege na mabawa yote mawili, kisha anapanda bila kuivuta ndege kwa nguvu. Injini inaimba sauti ile ile mwanzo hadi mwisho. Ule uchini mnaoushangaa ni sehemu ndogo kabisa ya kazi. Kazi yenyewe imefanyika maili mbili nyuma, mahali ambapo kamera haikuwa imeelekezwa.

Mnanitajia daraja la Winston, juu ya mto Tees huko Uingereza, alikopita chini yake mwaka 1988 wakati wa kurekodi tamthilia ya televisheni. Ndiyo, alipita. Tao la daraja lile ni moja tu, la mawe, upana wake mita 34 hivi, na mabawa ya Spitfire ni mita 11 na kidogo. Alikuwa anakaribia miaka 60. Ilikuwa kazi aliyoombwa, mahali panapojulikana, si wazo lililomjia akiwa hewani kwa sababu umati umepiga makofi. Kati yenu hakuna mwenye miaka 40 ya kuruka. Wengine hamjafikisha saa 40 kwenye Spitfire.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nahudumia ndege ya rubani mmoja ambaye simtaji. Alishuka siku moja baada ya onyesho, uso unang'aa, watu wamemzunguka wanataka kumshika mkono. Mimi nikaenda mbele ya ndege kama kawaida, nikaizungusha propela polepole kuitazama. Ncha za mapanga zilikuwa na rangi ya kijani. Nilidhani ni rangi imeniingia machoni. Nikagusa kwa kidole, nikanusa. Yalikuwa majani. Alikuwa ameufyeka uwanja kwa propela inayozunguka kwa nguvu ya injini ya lita 27, na hakujua.

Unajua nilifanya nini? Nilichukua kitambaa, nikafuta. Injini niliikagua yote usiku ule, shafti, gia, kila kitu, lakini mdomo wangu niliufunga. Alikuwa mkubwa, alikuwa maarufu, na mimi nilikuwa kijana wa spana. Wiki iliyofuata akasikia mwenyewe kutoka kwa mtu aliyemwona, akacheka, na kuanzia siku hiyo kisa cha majani kikawa kisa cha kusimulia kwenye meza za chakula. Alizeeka salama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu waliokuwa wakimsikiliza walikuwa vijana kama ninyi, na walichojifunza ni kwamba majani kwenye propela ni kitu cha kuchekesha. Ningesema siku ile ile, mbele ya watu, pengine kisa kingesimuliwa kwa sauti nyingine. Nilinyamaza, na sitarudia kunyamaza.

Mnapenda kuniambia kwamba siku hizi kuna sheria. Zipo. Uingereza kila rubani wa maonyesho hupewa kibali chenye kimo chake cha chini, cha kupita na cha kufanyia sarakasi za angani, na kila onyesho lina mkurugenzi mwenye mamlaka ya kumsimamisha. Lakini kimo kilichoandikwa kwenye karatasi hakiikamati ndege ikikosea. Tarehe 22 Agosti 2015 kwenye onyesho la Shoreham, Uingereza, Hunter, jeti ya kivita ya zamani, ilianza kupiga duara la wima, na ilipofika kileleni ilikuwa kwenye futi 2,700 hivi. Ilitakiwa iwe imefika angalau futi 3,500. Palepale juu, kabla ya kupindukia, bado kulikuwa na nafasi ya kujiondoa. Duara likaendelea. Watu kumi na mmoja wakafa, na walikuwa nje ya uwanja, wengi wao barabarani wakipita na safari zao. Ripoti ya uchunguzi ni ndefu na imewekwa wazi kwa kila mtu. Niliwauliza sita kati yenu kama mmeisoma. Mmoja alisema ameiona.

Hapa nisiwaonee peke yenu. Umati nao una lawama. Ndege inayopita kwenye kimo chake sahihi, mstari umenyooka, hupata makofi ya adabu. Inayopita karibu na kupiga nyasi hupata mayowe. Mtangazaji naye hupandisha sauti, mpiga picha huuza picha ile, na waandaaji mwaka unaofuata humwalika tena mtu yule. Tunamlipa rubani kwa kukikaribia kifo chake mbele yetu, halafu akifa tunasema alikufa akifanya alichokipenda. Naomba mtu yeyote asije kuniambia maneno hayo kwenye mazishi. Nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara nilimtazama mjane.

Ray Hanna aliyajua mazishi hayo. Septemba 1999 Mark alianguka na Buchón, ndege nyingine ya kivita ya zamani, pale Sabadell, Hispania, na kesho yake akafariki. Alikuwa na miaka 40. Baba akamzika mwanawe, akarudi kwenye ndege. Sijui mtu anapata wapi nguvu za namna hiyo, na sitajifanya kuzieleza. Ninachojua ni kwamba aliendelea kuruka vilevile, kwa mistari mirefu, bila hasira. Alifariki Desemba 2005 akiwa na miaka 77, na hakufia ndani ya ndege. Mkimwiga, mwigeni na hapo.

Mengine nayasema kwa kifupi kwa sababu mnayajua, ni uvivu tu. Usiruke ukiwa umegombana na mtu. Usiruke na mafua. Spitfire isimame kidogo tu ardhini injini ikiwaka, rejeta zake za kupoza injini haziwezi kungoja hotuba ya mgeni rasmi. Gurudumu likikusumbua, achana na onyesho. Ukipoteza kasi au kimo katikati ya kona, jiondoe kwenye onyesho kwa njia uliyoipanga tangu jana, usijaribu kuficha aibu. Mruhusu fundi wako akukatalie.

Na wewe kijana uliyeahidi kupita chini kuliko wote, sina kinyongo nawe. Nimeuona mkono wako. Kwenye kona ya kushoto unaacha ndege ijibebe, jambo ambalo wengi huhitaji miaka kumi kulijua. Nataka kukuona ukiwa na miaka 77.

Kabla ya onyesho la kwanza la msimu nitakuwa kwenye banda la ndege kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Njooni kila mtu na karatasi yake: miondoko yako yote, kasi ya kuingilia, kimo cha kileleni, na mahali utakapoachia kama namba hazijatimia. Tutaipitia ardhini kwa miguu, hatua kwa hatua, mikono ikiwa mabawa. Kitambaa changu cha kufutia nimekiacha nyumbani.

Mzee wenu,
fundi mstaafu wa injini