Risala ya Wanakikundi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvunja Mzunguko

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yetu;
Mchungaji na wazee wa usharika;
Mwenyekiti wa serikali ya mtaa;
Wanakikundi wenzangu, majirani na wageni waalikwa,

Bwana Yesu asifiwe! Na kwenu ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, asalaam aleikum.

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuja Mbagala siku ya Jumamosi, siku ambayo watu wa Dar es Salaam wanaigawa kati ya kufua, harusi na misiba. Tulitamani kukupokea ukumbini, lakini ukumbi wa usharika una kipaimara leo, kwa hiyo tuko hapa chini ya mwembe tunapokutana siku zote. Embe likidondoka, usishtuke.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilianza mwaka 2019. Tulikuwa akina mama 11 wa usharika huu tuliokuwa tukicheza upatu, tukaona upatu peke yake hautufikishi mbali. Leo tuko 28, wakiwemo vijana wa kiume watano na akina mama wawili Waislamu ambao ni majirani zetu. Hisa moja ni shilingi 5,000, na kila Jumamosi mtu hununua kuanzia moja hadi tano. Fedha hukaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na washika funguo wake watatu wanakaa mitaa tofauti. Mwisho wa mzunguko tunavunja, kila mtu anaondoka na akiba yake pamoja na faida. Hayo unayajua kuliko sisi, maana vikundi kama hivi ndiyo kazi yako ya kila siku. Tumeona risala hii tuitumie kukueleza habari ya kitabu tunachokisoma kabla sanduku halijafunguliwa.

Mgeni rasmi, kitabu cha Mithali kina sura 31. Mchungaji wetu ndiye aliyetupa wazo kwamba tarehe ya siku iwe ndiyo sura ya siku. Tukikutana tarehe 14, tunasoma sura ya 14. Nisiseme uongo mbele ya kanisa: mwanzoni lengo letu lilikuwa kuwafanya watu wawahi, kwa sababu anayekuta sura imeshasomwa analipa faini ya shilingi 500. Mithali ilikuwa kama kengele ya shule.

Ikaja Jumamosi moja iliyoangukia tarehe 11. Sura ya 11 inaanza hivi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Msomaji akataka kuendelea, lakini mwanachama wetu mmoja anayeuza maharage sokoni akamwambia, "Rudia hapo." Akarudia. Jumamosi iliyofuata yule mama alikuja na kisado chake, kile kikopo cha kupimia, akakigeuza mbele yetu. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kuingia ndani. Akasema alikinunua hivyohivyo, na nusu ya meza za pale jirani zinapimia vya namna hiyo.

Mgeni rasmi, hapo mazungumzo yalichukua saa nzima na hisa zikachelewa kununuliwa. Wengine walisema mwenye kisado kizuri ataonekana ghali na atakosa wateja. Mmoja akakumbusha kwamba sisi wa mjini tunalalamikia kisado, wakati mkulima kule shambani analalamikia lumbesa: gunia linajazwa mpaka linaota kichwa, halafu analipwa bei ya gunia moja. Lumbesa imekatazwa na sheria, na Wakala wa Vipimo wapo, lakini sokoni saa kumi na moja alfajiri hakuna afisa wa kumsimamia kila mtu. Tukaona kwamba mstari ule unawagusa wote wawili, anayeuza na anayenunua. Mithali yenyewe inamjua mnunuzi vizuri: "Haifai kitu, haifai kitu, asema mnunuzi; lakini akiisha kwenda zake hujisifu." Nani kati yetu hajafanya hivyo Kariakoo kwenye vitenge?

Yule mama sasa anauza kwa mizani ya kilo. Sitakuambia kwamba wateja wamefurika. Wiki mbili za kwanza biashara ilishuka, na mpaka leo ziko siku anafunika meza mapema. Lakini wateja wake mama lishe, wanaonunua kilo nyingi, wamebaki kwake kwa sababu mahesabu yao hayapishani tena.

Mgeni rasmi, jambo lililotusumbua kuliko yote ni udhamini.

Mwanachama wetu mmoja alimdhamini jirani yake kwenye mkopo wa mtaani, ile mikopo ambayo sote tunaiita kausha damu. Kikundi hakikujua. Jirani akarejesha wiki tatu, ya nne akahama usiku. Wenye fedha wakaja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwa mdhamini. Wakabeba televisheni, jiko la gesi na godoro. Watoto walilala kwenye mkeka mpaka tulipochanga kutoka mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida. Wiki chache baadaye tukafika tarehe 22, na Mithali 22 ikauliza, kama vile ilikuwepo siku ile: unamdhamini mtu huku huna cha kulipa, kwa nini uondolewe kitanda chako chini yako? Mama yule aliyedhamini alitoka nje ya duara. Hakuna aliyemfuata mara moja, tulikuwa tumeinamisha vichwa.

Sasa tatizo, mheshimiwa, ni kwamba kikundi chetu chenyewe kinaendeshwa kwa udhamini. Kila mkopo ulikuwa na wadhamini wawili. Vijana wakasema kama tunaiamini Biblia, tufute kipengele hicho kwenye katiba. Wazee wakasema tukikifuta, mtu mwenye hisa chache hatakopesheka, ataenda kulekule kwa kausha damu. Tulibishana vikao vitatu. Sura ya 6 inamwambia aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake ajiokoe kama paa anavyojinasua mkononi mwa mwindaji. Lakini sura ya 3 nayo inasema usimwambie jirani yako nenda urudi kesho, na hali kitu unacho. Tukajikuta katikati ya maneno mawili ya Mungu yuleyule, na yote yanatuhusu.

Aliyetutoa hapo ni mwanachama anayeuza chapati kituoni, ambaye huwa hasemi sana. Alisema, "Someni tena. Kinachokatazwa ni kudhamini huku huna kitu." Basi tukaandika kipengele kipya: hakuna mwanachama atakayemdhamini mwenzake zaidi ya thamani ya hisa zake mwenyewe zilizomo sandukuni. Mkopo ukikwama, sanduku linajilipa kwenye hisa, na hakuna mtu yeyote, hata mwenyekiti, atakayeingia ndani ya nyumba ya mwanachama kuchukua chombo. Na kwa kuwa sura ya 6 inamtaka aliyenaswa aende, anyenyekee, aseme na mwenzake kabla hajalala usingizi, tukaongeza kwamba anayeona marejesho yatamshinda aje aseme kabla ya tarehe, na akifanya hivyo hatozwi faini. Kipengele hiki kimetusaidia kuliko faini zote tulizowahi kutunga. Wahenga wetu walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tumejaribu kuyafupisha matanga.

Mgeni rasmi, usije ukadhani umeletwa kwa malaika. Kwenye ulimi bado tumelala. Mwaka huu mtu alipiga picha ukurasa wa daftari la madeni akautuma kwenye kundi letu la WhatsApp, na kabla ya swala ya isha ulikuwa umefika kwenye makundi mengine manne. "Moto hufa kwa kukosa kuni, na bila mchongezi fitina hukoma." Tulimpoteza mwanachama mmoja kwa picha ile. Tumemwendea mara mbili kumwomba radhi, amesema anafikiri. Ipo pia Mithali 27:14, kwamba anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu asubuhi na mapema atahesabiwa kuwa amemlaani. Hiyo tumewaachia wenye vipaza sauti vya mkesha, nao wamo humu ndani, wanacheka.

Tumejifunza pia kutoisoma Mithali kama mashine ya kutolea pesa, uingize wema itoke faida. Mwanachama wetu mwaminifu kabisa, asiyewahi kuchelewa hata Jumamosi moja, aliingiliwa na maji ya mvua na duka lake la rejareja likaharibika. Wapo waliotaka kumuuliza amekosea wapi. Mchungaji akatuambia Mithali haikuwekwa peke yake kwenye Biblia. Ayubu na Mhubiri wanakaa jirani nayo. Na Mithali yenyewe inasema mwenye haki huanguka mara saba, akainuka tena. Siku ile tulifungua mfuko wa jamii bila kumuuliza swali.

Na wale akina mama wawili Waislamu? Hatukuwalazimisha kusoma, lakini hukaa na kusikiliza. Siku ya sura ya kwanza, pale baba anaposema "mwanangu, yasikilize mausia," mmoja wao alituambia kwamba ndani ya Kurani naye Lukmani anamuusia mwanawe. Tokea hapo yeye ndiye anayekumbusha kama msomaji amechelewa.

Mgeni rasmi, tunazo changamoto. Vitabu vyetu vya hesabu vinaandikwa kwa mkono na mhasibu wetu amefikia macho ya miwani. Vijana hawadumu, wakipata bodaboda ya mkataba wanatoweka. Na mwavuli wetu wakati wa masika ni huu mwembe.

Sisi wenyewe tunajua halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huenda umekuja ukitarajia tutaomba. Tulikaa, tukajadili, tukaona leo tusiombe. "Akopaye ni mtumwa wake akopeshaye" haisemi kama riba ipo au haipo. Tunachoomba kwanza ni elimu: utuletee mtu wa kutufundisha kutunza mahesabu na kuandika mchanganuo wa biashara, ili siku tukija ofisini kwako kuomba, tujue tunaomba kiasi gani na tutalipa kutokana na nini. La pili, utusaidie kuhuisha usajili wetu kwa wakati.

La tatu ni dogo. Baada ya risala hii washika funguo watatu watakuja mbele kufungua sanduku. Katiba inataka fedha zihesabiwe kwa sauti, mara mbili, na mtu asiye mwanachama. Tumekuchagua wewe. Meza ile pale, na maji ya kunywa yako pembeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi
Mbagala, Dar es Salaam