Mwanangu, usishike usukani kabla hujaonana na daktari

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Hamisi,

Asalaam alaikum. Sisi huku ni wazima, na mama yako anakusalimu sana. Mkeo ameniambia mambo mawili yaliyoninyima raha: kwamba ile mashine ya kukusukumia hewa usingizini, ili koo lako lisizibe na pumzi kukatika, umeirudisha kwenye begi lake, na kwamba wiki ijayo unarudi barabarani na lori la mafuta. Hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi.

Najua utajitetea. Umeivaa barakoa, ukaamka na alama za mikanda mashavuni na koo limekauka, na bado ikifika saa nane mchana macho yanakuwa mazito. Ulipokuja likizo nilikuona ukisinzia mbele ya sinia, tonge la ugali limebaki vidoleni na mgebuka haujaguswa, kisha ukashtuka na kukana kwamba ulilala. Siudharau uchovu huo. Ninachokataa ni kusema kwamba, kwa kuwa haujaisha, mashine haina kazi. Karatasi ya vipimo uliyonionyesha ilisema pumzi yako hukatika mara 41 kwa saa, na kuanzia mara 30 hali huhesabiwa kuwa kali. Kila koo linapoziba, ubongo hukuzindua bila wewe kujua ili uvute hewa, kwa hiyo unalala usiku kucha na mwili haupumziki. Huku kwetu mtu akikoroma husifiwa kuwa amelala fofofo, nasi tulikusifu hivyo miaka mingi.

Uchovu unaobaki una sababu zake, nazo hutafutwa hospitalini. Mkeo anasema hata ulipokuwa ukiitumia mashine, barakoa ulikuwa ukiivua usiku wa manane. Basi sehemu kubwa ya usingizi wako ilikuwa bado haina msaada wowote. Huenda barakoa ilikuwa ikivujisha hewa kwa sababu unalala mdomo wazi, na zipo za aina nyingine zinazofunika pua na mdomo. Mashine hutunza kumbukumbu za saa ulizoivaa na hewa iliyovuja, hivyo ibebe unapokwenda. Mwambie daktari akupime damu na tezi ya shingo, na umtajie dawa zote unazomeza, hata zile za mafua, kwa maana baadhi yake huleta usingizi. Wapo pia wanaoitumia ipasavyo na bado wakabaki na usingizi wa mchana, na madaktari wana dawa za kuwasaidia. Utazipataje ikiwa hurudi kliniki?

Nilifundisha hesabu maisha yangu yote, kwa hiyo nivumilie. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, dereva akasinzia kwa sekunde 4 tu, litakuwa limekwenda karibu mita 90 bila mtu wa kuliongoza. Kufungua dirisha, kuweka muziki wa juu na kunywa hivyo vinywaji vya kuongeza nguvu hakuondoi usingizi, na wewe unabeba mafuta katikati ya watu. Mwambie tajiri wako ukweli. Akikupa kazi ya gereji kwa muda, ipokee. Hakuna aibu ndani yake. Wewe ndiye uliyewasomesha wadogo zako kwa usukani huo, na kila anayeniuliza habari zako namjibu nikiwa nimeinua kichwa. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu makini kiasi hicho akifanyia mzaha maradhi yake.

Kama ni simu yangu ya mwezi uliopita kuhusu bati za jikoni iliyokuharakisha, ihesabu kuwa haikupigwa. Fedha hizo zitumie kliniki, na zikibaki nunua betri ya kuiendesha mashine umeme unapokatika. Kitangi cha maji cha mashine kitie maji yaliyokenekwa, wala usithubutu kutia maji ya betri ya gari. Chujio nalo uliangalie, kwa maana nililiona limekuwa jeusi kwa vumbi.

Mama yako anakutumia mawese na dagaa kwa treni ya wiki hii. Mkeo aende kuvipokea, wewe usiendeshe hata kufika stesheni. Ukitoka kwa daktari nipigie siku hiyohiyo, unisomee alichoandika kuhusu kuendesha gari, neno kwa neno.

Ni mimi baba yako.