Arabika isikaangwe hadi itoe mafuta

Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi umewaelekeza wasomaji wakaange kahawa nyumbani hadi iwe nyeusi tii na ing'ae mafuta. Kwa robusta ya Kagera inayokwenda kuchemshwa kwenye dele na kunywewa chungu kwa kashata, sina ugomvi na maelekezo hayo. Lakini buni inayopatikana huku Kilimanjaro, na ile ya Mbozi na Mbinga, kwa sehemu kubwa ni aina nyingine ya kahawa, arabika. Ukiifikisha huko, ule uchachu wake wa matunda unaungua wote. Kinachobaki kikombeni ni uchungu na harufu ya mkaa, na hapo kahawa ya daraja la juu na chenga huwezi kuzitofautisha.

Tatizo ni kukaanga kwa kutazama rangi peke yake, tena jikoni penye giza na moshi. Buni ikiwa motoni hupasuka mara mbili, na milio hiyo miwili ndiyo ya kufuata. Mpasuko wa kwanza huja punje zikifika karibu nyuzi 196 za Selsiasi: mlio wake ni mzito na wa kuachana, kama bisi. Wa pili huja karibu na nyuzi 224, nao ni mwembamba na wa harakaharaka. Mafuta huanza kujitokeza juu ya punje kwenye huo wa pili. Arabika iepuliwe kati ya milio hiyo miwili.

Kabla ya moto kuna kazi ya kuchambua. Kahawa iliyotoka shambani ikiwa bado na ganda gumu itwangwe taratibu kwenye kinu, bila kuponda, kisha ipepetwe. Toa punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika; vipande vidogo huungua wakati punje nzima bado mbichi. Halafu uma punje moja. Jino likizama, haijakauka, irudishe juani. Unyevu unaofaa ni asilimia 10 hadi 12, na buni yenye maji zaidi ya hapo hutoka na mabaka hata mkaangaji awe fundi wa namna gani.

Karai la chuma zito lenye upana wa sentimita 30 linabeba gramu 250, basi. Watu hujaza nusu karai ili wamalize mara moja, wakati punje zikiiva huvimba kwa zaidi ya nusu ya ujazo wake na mwiko haufiki chini. Za chini zinaungua, za juu zinapikwa kwa mvuke. Sufuria nyembamba ya alumini nayo huacha madoa meusi upande mmoja wa punje. Kikaango chenye utando wa kuzuia chakula kisigande kisiguswe kabisa: utando huo ukipita nyuzi 260 huanza kuharibika na kutoa mvuke wenye sumu, na karai tupu juu ya mkaa hufika huko upesi.

Subiri mkaa ushike vizuri, pasha karai, mimina buni, anza kugeuza na usisimame. Dakika tano za mwanzo zitatoa harufu ya nyasi, kisha ya mkate, na rangi itakuwa njano. Makapi yataanza kuruka. Kaangia nje au dirishani, maana yakiangukia mkaa huwaka. Mpasuko wa kwanza utarajie kati ya dakika ya 9 na ya 11. Ukija kwenye dakika ya 5, moto ni mkali mno: nje kahawia, ndani mbichi, na kahawa itakuwa na ladha ya majani. Usipokuja hadi dakika ya 18, moto ni hafifu, na kahawa itatoka bapa, haina utamu wala uchachu. Ukishausikia, punguza mkaa. Kwa kahawa ya kuchuja, epua mara milio ya mpasuko huo wa kwanza inapokwisha. Kwa ya kuchemsha, ongeza dakika moja.

Epua kabla rangi haijafika unapoitaka, kwa sababu punje huendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri: wanaiacha ipoe ndani ya karai. Mimina kwenye ungo palepale, rusha na pepea hadi mkono uweze kuishika, isizidi dakika nne. Makapi yataondoka kwa upepo huohuo. Punje zilizobaki rangi ya karanga zilitokana na matunda mabichi. Zitoe, chache tu zinatosha kuharibu birika zima.

Mwenye mizani apime tena. Gramu 250 zikitoka 210 hivi, umepatia. Zikiwa chini ya 200, umeikaanga kupita kiasi. Zikizidi 225, bado ni mbichi.

Usiifungie kwenye chupa siku hiyohiyo. Kahawa iliyotoka motoni hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, kwa hiyo mfuniko uachwe umelegea hadi kesho yake, ndipo usage kiasi cha kunywa siku hiyo. Ikiwa nzima hukaa na ladha yake wiki mbili hadi tatu. Ikishasagwa, siku chache tu. Buni mbichi iliyokaushwa vizuri hukaa hata mwaka, kwa hiyo hakuna haja ya kukaanga ya mwezi mzima.

Na kwa aliyeletewa zawadi kutoka Bukoba: zile kahawa za kutafuna zimeshachemshwa na majani ya viungo na kukaushwa na maganda yake. Hizo haziendi kikaangoni.

Msomaji wako,
Moshi