Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi, Mtwara

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Wenzangu wamenituma nizungumzie jambo moja tulilokutana nalo mafunzoni, kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Nalo ni kuweweseka, yaani akili ya mgonjwa kuchanganyikiwa ghafla kwa sababu ya ugonjwa.

Mheshimiwa, tulimhudumia mzee mmoja, mkulima wa korosho wa Newala. Usiku wa tatu alianza kuokota korosho juu ya shuka, moja moja, akizitia kwenye ndoo aliyoiona yeye tu. Kisha akachomoa mpira wa dripu. Ndugu zake wakanong'onezana habari za majini. Sisi tukamfunga mikono kwa bandeji. Tunalijutia hilo, maana kufungwa humzidishia mgonjwa fadhaa.

Hayakuwa majini. Maambukizi, dawa za usingizi na mikesha huuvuruga ubongo. Wala si kila anayeweweseka hupiga kelele. Wengi hulala kimya wakikodolea dari, na hao ndio tunaowapita tukidhani wametulia.

Tulidhani sindano ingemaliza kazi. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2018 ulionesha kuwa haloperidoli, dawa ya kutuliza akili inayotolewa kwa sindano, haikupunguza siku za kuweweseka kuliko dawa ya kulinganishia isiyo na tiba ndani yake. Mwaka huohuo mwongozo wa wataalamu wa wagonjwa mahututi ulipendekeza mambo madogo yafanywe kwa pamoja: kumkumbusha mgonjwa alipo, kumvalisha miwani yake, kumwinua kitandani mapema, kupunguza taa na kelele usiku.

Binti wa yule mzee alileta miwani. Akamshika kiganja, akakisugua taratibu, akamwambia kwa Kimakonde kwamba leo ni Jumanne, wako Mtwara, na korosho zimeshaanikwa. Tukamwongoza avute pumzi polepole. Usiku ule alilala.

Mheshimiwa, tunaomba saa ya ukutani na kalenda mbele ya kila kitanda, mapazia mazito, vizibo vya masikio, na ruhusa ya ndugu mmoja kukaa na mgonjwa hata muda wa kuona wagonjwa ukiisha. Redio ndogo nayo tunaiomba. Hatudai kwamba muziki peke yake huzuia kuweweseka, ila hupunguza hofu. Kuhusu kelele, Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi desibeli 30 wodini usiku. Hapo hatuombi kitu, maana soga za saa nane usiku ni zetu wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.